Rabai: Kilima Kilichofungua Mlango



Kamati ya jubilei ilipotukabidhi kazi ya kuandika historia hii, tulifungua daftari la kumbukumbu tukitaka kuanza na siku kwaya ilipopata sare yake ya kwanza. Mzee mmoja wa sauti ya besi alitukatiza. "Msianze na kwaya," alisema. "Anzeni na mahali. Wimbo una kwao." Tumemtii. Tunaanza na Rabai.

Wengi hupita karibu nasi bila kutujua. Mabasi yatokayo Nairobi hupunguza mwendo pale Mazeras, abiria hununua machungwa na madafu, kisha safari ya Mombasa huendelea. Wachache hukata kona kuja kwetu milimani, kwenye minazi, mihogo na misitu ya kaya. Hata hivyo kutoka mjini hadi hapa ni zaidi kidogo ya kilomita 20 tu.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1846 wageni wawili walipanda kilima hiki, wote wakiwa na homa. Walikuwa Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, Wajerumani waliotumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza. Krapf alikuwa amekwisha kumzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga huko Mombasa mwaka wa 1844. Vitabu husema wao ndio waliofungua Rabai. Sisi tunaomba kusahihisha kidogo: wazee wa Rabai ndio waliowafungulia. Walikaa kikao, wakawasikiliza watu wasio wa kabila lao wala wa dini yao, wakawapa mahali pa kujenga. Kama wazee wale wangekataa, wageni wangeshuka jinsi walivyopanda. Kaya zetu za Mudzimuvya, Bomu na Fimboni zilikuwapo kabla ya misheni, na tangu mwaka wa 2008 zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Mavuno yalichelewa. Mtu wa kwanza kubatizwa, mwaka wa 1851, alikuwa Mringe, mlemavu aliyekuwa kitandani akingoja kifo. Krapf aliondoka mwaka wa 1853. Rebmann alibaki hadi mwaka wa 1875, akaondoka akiwa kipofu. Kwa miaka hiyo yote kundi lake lilikuwa dogo kuliko kwaya inayosimama mbele yenu leo. Tunaosikitika mazoezi yakihudhuriwa na watu saba tukumbuke hilo.

Kisha ukaja mlango wa pili, na huu ndio tunaotaka watoto wetu waujue vizuri.

Mwaka wa 1864 walifika Waafrika waliokuwa wametekwa utotoni, wakaokolewa kutoka majahazi ya watumwa na kusomeshwa India. Mmoja wao, William Henry Jones, alikuja kuwa kiongozi wa kazi ya Rabai. Mwaka wa 1885 yeye na Ishmael Semler walipewa ushemasi na Askofu James Hannington. Mwaka huohuo Jones alifuatana na askofu katika safari ya Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba, na Jones ndiye aliyeurudisha msafara nyumbani. Februari 1886 watu wa Rabai waliona bendera ya buluu ikija, imeandikwa kwa herufi nyeupe neno moja: Ikabodi. Wasomaji wa Samweli wa Kwanza wanajua maana yake, kwamba utukufu umeondoka.

Lakini utukufu haukuondoka Rabai. Wakati huo watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakipanda kilima hiki kutafuta hifadhi. Walijenga nyumba, wakalima, wakakaa kanisani. Mabwana zao wa Mombasa waliwadai, na wapo waliosema kwamba misheni haina ruhusa ya kuwaficha, warudishwe. Jones, ambaye aliwahi kuwa mtumwa, alijua kurudishwa kulimaanisha nini. Hatimaye George Mackenzie wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki alipatana na mabwana hao, wakalipwa fidia. Tarehe 1 Januari 1889, hapa Rabai, watoro walianza kupewa hati za uhuru. Kwa jumla waliokombolewa katika vituo vya misheni vya eneo hili walikuwa zaidi ya 1,400. Hali ya utumwa yenyewe haikufutwa kisheria katika pwani yetu hadi mwaka wa 1907.

Kwa nini tunaandika haya katika kijitabu cha kwaya? Kwa sababu katika safu zetu wamo wajukuu wa waliopokea na wajukuu wa waliopokelewa, na haikuwa rahisi siku zote. Miaka ya nyuma, katika ugomvi mdogo wa pesa za sare, mwimbaji wetu mmoja aliambiwa mbele ya wote kwamba yeye ni mtoto wa watoro. Hakujibu. Alikunja daftari lake la nyimbo akaenda zake, na Jumapili mbili kiti chake kilikuwa kitupu. Mama mmoja wa sauti ya kwanza, Mrabai wa ukoo wa kaya, alimfuata nyumbani. Alimwambia, "Mwanangu, mtu hakimbilii mahali asipopaamini. Babu zako walituamini. Usituaibishe kwa kuondoka." Jumapili ya tatu walikuja pamoja. Aliyetoa neno lile alisimama akaomba radhi kabla ya wimbo wa kwanza. Tangu siku hiyo neno hilo halijatumika kama tusi katika chumba chetu cha mazoezi.

Sasa mji unakuja. Frere Town, iliyoanzishwa mwaka wa 1875 kuwapa makao watumwa waliookolewa, ilikuwa kijiji ng'ambo ya kisiwa. Leo imo ndani ya Mombasa, na wengi wanaoshuka matatu pale Kengeleni hawajui kwamba jina hilo latokana na kengele ya misheni. Kwetu pia dalili zipo. Kituo cha reli ya SGR kiko Miritini tangu mwaka wa 2017, barabara kuu inapanuliwa, na vijana wetu hushuka alfajiri kwenda kufanya kazi bandarini na Changamwe. Ndiyo maana mazoezi ya Jumatano yamehamia Jumamosi.

Hatuuogopi mji. Wageni watakaokuja kupanga na kujenga huku watatafuta mahali pa kuabudu, nasi tuna nafasi katika sauti zote nne. Tunachoogopa ni kusahau. Mnazi ukikatwa hupandwa mwingine, lakini jina la babu likipotea hakuna mche wake. Kwa hiyo jubilei hii tunaomba kila jamaa ilete kwa katibu majina ya wazee wake, walikotoka, na mahali walipozikwa. Tutayaandika yote katika daftari moja, ya Warabai na ya waliokimbilia kwao, bila kuyatenga kurasa.

  Mlango uko wazi, karibuni tuimbe.

Katibu, kwa niaba ya kwaya