Kwaya, Wapagazi na Sikio la Mnyamwezi

Katika masomo yetu ya fasihi simulizi, nyimbo za kilimo na za jando huchambuliwa mpaka mifupa, lakini kwaya ya kanisani ikitajwa watu hucheka. Eti ni mali ya Wazungu, haina cha kuhakiki. Mimi niliyelelewa Lusu, wilayani Nzega, sikubali hata kidogo, na sababu zangu ni za kihistoria kabla hazijawa za moyo.

Tuanze na njia. Karne ya 19 Tabora ilikuwa njiapanda ya misafara: kutoka Bagamoyo wengine walishika njia ya Ujiji, wengine wakaelekea kaskazini hadi Mwanza, upande aliopita Speke mwaka 1858. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na safari ilikwenda kwa wimbo. Mmoja alianzisha, wengine wakaitikia, mzigo ukabebeka. Kwa hiyo wamisionari wa London walipofika Urambo kwa Mirambo mwaka 1879, na Wamoravian walipopokea kituo hicho mwaka 1898, hawakukuta mabubu. Kiitikio kilikuwapo. (Wamoravian nao ni watu wa nyimbo kweli kweli; wahenga wao wa Bohemia walichapa kitabu cha nyimbo mwaka 1501, miaka 16 kabla ya hoja za Luther.)

Ugomvi ulikuwa kwenye lugha. Kinyamwezi ni lugha ya toni: sauti ikipanda au ikishuka, maana yaweza kugeuka. Tuni ya Kijerumani haina habari hiyo, inapanda inapotaka yenyewe. Kiswahili nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini katika nyimbo za kutafsiriwa mkazo huangukia popote, neno likasikika kama la mgeni. Hapa ndipo wahakiki wangepaswa kupiga kambi. Bibi yangu aliziimba nyimbo hizo shambani akipalilia karanga, wala hakuziimba kama zilivyoandikwa. Silabi moja aliivuta, nyingine akairuka, na mwisho wa mstari akaongeza "eee" ili jembe lipate nafasi ya kushuka. Kumbe alikuwa akihariri! Mwalimu wa kwaya, mtu wa do-re-mi ubaoni, alisema bibi anaharibu wimbo. Mimi nasema aliutengeneza.

Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu muziki wa wenyeji katika ibada, na mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga akatoa kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Bibi hakungoja ruhusa ya mtu.

Na siasa je? Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kwaya za shule na vijiji ziliimba Ujamaa kwa sauti nne zilezile. Maudhui yalibadilika, fani ikabaki. Fani ya kupita tu isingeweza kazi hiyo.

Siku hizi kanisani naenda kwa nadra. Lakini nikisoma shairi la Shaaban Robert mguu wangu hugonga sakafu, nikawa nasubiri waitikiaji. Tulipomzika bibi, kwaya iliimba. Wimbo ulipofika pale alipozoea kuvuta silabi, wanawake wote wa jirani waliivuta vilevile, na mwalimu wa kwaya akashusha mkono, akawafuata.