Jinsi Mabadiliko ya Tabianchi Yanavyoongeza Uwezekano wa Mafuriko, Ukame na Joto Kali

Kila yanapotokea mafuriko au ukame, wananchi wengi huuliza iwapo chanzo chake ni mabadiliko ya tabianchi. Matukio hayo yalikuwepo tangu zamani; kinachobadilika ni uwezekano wa kutokea kwake na ukali wake.

Hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, huweza kubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke wa maji, hivyo mvua kubwa huwa kubwa zaidi. Mvua zinapokosekana, joto hilohilo hukausha udongo na malisho kwa haraka. Ndiyo maana eneo moja linaweza kukumbwa na ukame, kisha mafuriko.

Ripoti ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) ya mwaka 2021 inaonesha kuwa joto kali lililokuwa likitokea mara 1 katika miaka 10, kabla ya binadamu kuongeza joto la dunia, sasa hutarajiwa mara 2.8 katika kipindi hicho. Ongezeko la joto la dunia likifikia nyuzi 2, idadi hiyo itakuwa mara 5.6.

Kupima mchango huo, wanasayansi hulinganisha hali ya sasa na ile ambayo ingekuwepo bila ongezeko hilo la joto. Wataalamu wa World Weather Attribution walibaini kuwa ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 nchini Somalia, Ethiopia na Kenya uliongezewa uwezekano takriban mara 100. Mvua za vuli za 2023 katika nchi hizo ziliongezewa ukubwa hadi mara 2, huku mabadiliko ya joto la Bahari ya Hindi nayo yakichangia.

Hata hivyo, madhara hutegemea pia makazi ya mabondeni na mitaro iliyoziba. Kwamba maji hayajawahi kufika mahali fulani si uthibitisho kuwa hayatafika.

Kwa Tanzania, wananchi wanashauriwa kufuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), ambayo hutoa Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa kulingana na uzito wa hali inayotarajiwa, na kuchukua hatua mapema.