Breki ya Nyuma na Chumvi ya Kiswere

Baina ya Kilwa na Lindi, si mbali na mahali mto Mbwemkuru unapomwaga maji yake baharini, ipo ghuba ya Kiswere, ambayo tangu zamani iliwafaa manahodha wa majahazi waliotafuta sandarusi, pembe na boriti za mikoko, wala haikuwafaa wenye magurudumu, kwa sababu wenye magurudumu hawakuwako. Leo mtu akishuka huko hukuta, kando ya biashara ya samaki na ufuta, kijana amechutama mbele ya gurudumu la nyuma la pikipiki, akilizungusha kwa mkono na kutega sikio. Kazi yake haina umri mkubwa katika pwani hii, lakini ina nasaba, na nasaba hiyo yafaa kuandikwa.

Gurudumu lilichelewa kusini mwa Rufiji, na sababu yake haikuwa ajizi ya watu bali mdudu. Mbung'o, aliyewaua ng'ombe na farasi, aliifanya biashara yote ya bara ipite juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Hata Wajerumani, pamoja na chuma chao chote na hesabu zao zote, walipofukua mifupa ya wanyama wakubwa wa kale huko Tendaguru, katika nchi hiyo hiyo ya Mbwemkuru, tangu 1909 hata 1913, hawakuwa na hila nyingine isipokuwa kuifunga mizigo na kuwatwika watu, msafara baada ya msafara, mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 za mifupa iliyogeuka mawe zilikwenda baharini kwa miguu ya binadamu, na kutoka huko mpaka Berlin, ambako watazamaji husifu ukubwa wa mnyama na aghalabu husahau shingo zilizombeba.

Mwalimu wa kwanza wa mafundi wetu alikuwa baiskeli. Raleigh ya Uingereza, na baadaye Phoenix ya China, zilikuja na breki za fito za chuma, na fundi aliyekaa kivulini na spana zake, pampu na gundi ya kuzibia pancha alijifunza mapema kuwa ufito ukikazwa mno gurudumu huburuta, na ukilegezwa mno mpandaji hukutana na mnazi. Pikipiki zilikuwako pia, lakini chache, mali ya mapadri na watumishi wa serikali. Mambo yaligeuka kwa haraka baada ya daraja la Rufiji, lililopewa jina la Rais Mkapa, kufunguliwa 2003 na kuondoa adha ya kivuko. Kisha kanuni za 2010 zikahalalisha pikipiki kuchukua abiria kwa leseni, na Boxer na TVS za India pamoja na SanLG za China zikaenea hata katika vijiji ambavyo gari lilionekana kwa msimu.

Nyingi za pikipiki hizo zina breki ya nyuma ya namna ambayo Mfaransa Louis Renault alisifiwa kwayo 1902, nayo ni ya kale kuliko wengi wadhanivyo. Mguu hukanyaga pedali, pedali huvuta ufito, ufito huvuta mkono mdogo wa chuma, na mkono huo hugeuza kijiti chenye kichwa bapa ndani ya kitovu cha gurudumu. Kichwa hicho hutanua viatu viwili vya breki, ambavyo mafundi huviita breki shuu, vikasugua ukuta wa dramu. Mguu ukiondoka, springi mbili huvirudisha viatu mahali pake. Kazi ya kusimamisha ni ya mguu wa mtu, lakini kazi ya kuachia ni ya springi peke yake, na hapo ndipo Kiswere inapoingia katika kisa, kwa maana samaki wenye maji ya chumvi hupakiwa nyuma ya kiti, na maji hayo hutiririka moja kwa moja juu ya kijiti kile.

Uadui wa chumvi na chuma si habari mpya kwa watu wa pwani. Wazee wao waliunda mitepe kwa kushona mbao kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na walipoingiza misumari katika vyombo hawakuacha kupaka sifa ubavuni na deheni chini, wala hawakuchoka kuvipandisha pwani na kutia kalafati upya. Fundi anayepaka grisi kijiti cha breki anafuata, ajue asijue, ada hiyo hiyo ya mafuta.

Mwendeshaji humjia na lalamiko lisilobadilika: pikipiki ni nzito, inakula mafuta, na kitovu cha nyuma kinaunguza. Fundi mwenye busara hafungui kitu. Huisimamisha juu ya stendi kubwa, akaiondoa katika gia, akazungusha gurudumu, kisha huuliza, "Mdogo wangu, cheni umeikaza lini?" Swali hilo lina hekima nyingi, kwani cheni ikikazwa gurudumu husogea nyuma, na likisogea nyuma hukaza ufito wa breki bila mtu kuugusa. Hulegeza nati ya ufito; gurudumu likiwa huru, maradhi yalikuwa ya vipimo tu, naye huacha pedali icheze sentimita 2 au 3 kabla ya breki kukamata.

Lisipokuwa huru, huchomoa ufito na kuugeuza ule mkono mdogo kwa vidole. Ukiwa mgumu, au ukienda usirudi, kijiti kimeshikwa na kutu katika tundu lake, na hapo hapana budi gurudumu litoke, viatu vitoke, kijiti kichomolewe, kisafishwe kwa mafuta ya taa na msasa, kipakwe grisi nyembamba mno, kwa sababu grisi ikifika kwenye viatu breki haitashika tena. Mkono ukiwa mwepesi, hutazama springi kama zimenyooka, na viatu kama vimekwisha, maana viatu vilivyokwisha hukifanya kijiti kigeuke kupita kiasi na kukwama kimesimama. Wapo watiao kipande cha bati kati ya kijiti na kiatu ili kiatu kilichokufa kifanye kazi wiki mbili zaidi. Mimi nauhesabu ufundi huo kuwa dhuluma kwa abiria, ambaye hakushauriwa. Na wapo wapulizao vumbi la dramu kwa kinywa, ilhali viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, iletayo maradhi ya mapafu. Kitambaa kilicholoweshwa maji chatosha.

Kwa hiyo nawaomba wenye pikipiki wa Kiswere, hasa wachukuzi wa samaki, waoshe kitovu cha nyuma kwa maji baridi ya kisima kila jioni, wala wasiyafuate mazoea ya kuiosha pikipiki baharini kwa kuwa maji yake ni ya bure.