Vitufe vya mlango wa gereji vinapogoma, chanzo mara nyingi hakipo kwenye vitufe

Na Mwandishi Wetu

NCHINI Marekani, ambako nyumba nyingi zina banda la gari lililoungana na nyumba yenyewe, familia nyingi huingia ndani kwa kupitia mlango mkubwa wa banda hilo kuliko ule wa mbele. Wapo wasiobeba ufunguo kabisa. Hutegemea kibao kidogo cha vitufe vya namba kilichobanwa nje, kwenye fremu ya mlango: mtu hubonyeza namba nne za siri, mota iliyofungwa darini huvuta mlango juu, naye huingia.

Kwa sababu hiyo, siku kibao kinapokataa kuitika tatizo huwa si dogo. Katika majimbo yenye baridi kali kama Minnesota, ambako wamehamia Wakenya wengi, mtoto aliyerudi kutoka shule anaweza kusimama kwenye theluji akiwa na namba sahihi kichwani huku mlango ukiwa umemfungia nje.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, neno gereji humpeleka kwanza kwa fundi wa magari. Hapa limetumika kwa maana ya banda la gari la nyumbani. Hata hivyo, mageti ya umeme yaliyoenea katika miji hiyo hufanya kazi kwa kanuni zinazofanana, na sehemu kubwa ya maelezo haya inayahusu pia.

Wengi wanapokutana na hali hiyo hukimbilia dukani kununua kibao kipya. Ni haraka isiyo na faida. Kibao hicho kwa kawaida hakina waya unaokiunganisha na mota. Ni redio ndogo inayotumia betri na kutuma ishara hadi kwenye kipokezi kilicho ndani ya mota. Kati ya kidole na mlango kuna betri, vitufe, mawimbi ya redio, kumbukumbu ya mota, umeme wa nyumba na mlango wenyewe. Popote mnyororo huo unapokatika, aliyesimama nje huona jambo lile lile: mlango hautikisiki.

Hatua ya kwanza, basi, ni kujua mnyororo umekatika wapi. Aliye ndani abonyeze kitufe cha ukutani, kisha ijaribiwe rimoti ya gari. Ikiwa kitufe cha ukutani nacho hakifanyi kazi, kibao hakina hatia. Hitilafu iko kwenye umeme au kwenye mota. Ikiwa kitufe cha ukutani kinafanya kazi lakini rimoti na kibao vyote viko kimya, kasoro iko upande wa kupokea mawimbi. Ni pale tu vyote viwili vinapofanya kazi na kibao peke yake kikagoma ndipo kibao chenyewe kinapostahili kushukiwa.

Kuhusu umeme, uchunguzi ni mfupi. Chomoa plagi ya mota na uchomeke taa mahali pake. Taa isipowaka, tafuta swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja. Katika nyumba za Marekani soketi za gereji hulindwa na swichi ya namna hiyo, na mara nyingine huwa imefichika nyuma ya makabati au ukuta wa pili, hata wenye nyumba husahau kuwa ipo.

Hali ya pili, ya rimoti na kibao kugoma kwa pamoja, ndiyo inayowapotezea watu fedha bure. Vibao vingi vya ukutani vina kitufe kilichoandikwa “Lock”, kilichokusudiwa kutumika familia inaposafiri. Kikishikiliwa kwa sekunde chache, mota huacha kusikiliza rimoti na, katika baadhi ya aina, vitufe vya nje pia, huku kitufe cha ukutani kikiendelea kufanya kazi kama kawaida. Mtoto akikichezea, au mtu akikiegemea akiwa amebeba mizigo, nyumba nzima hudhani vifaa vyote vimekufa kwa siku moja. Taa ndogo inayopepesa kwenye kibao cha ukutani ndiyo ishara yake. Kitufe hicho kikishikiliwa tena, kila kitu hurejea.

Ikiwa kufuli hiyo haijawashwa, angalia mawimbi. Waya mwembamba unaoning'inia kutoka kwenye mota ndio antena; haupaswi kukatwa wala kuviringishwa. Aidha, baadhi ya balbu za LED hutoa kelele za redio zinazoizidi nguvu ishara dhaifu ya kibao. Dalili yake ni rahisi kuitambua: mlango unafunguka taa ikiwa imezimwa, lakini haufungi taa ikishawaka. Toa balbu, jaribu tena, na jibu litapatikana papo hapo.

Wakati mwingine chanzo kiko mbali zaidi. Mwaka 2004 na 2005 wakazi wa maeneo jirani na baadhi ya kambi za jeshi la Marekani, ikiwamo kambi ya anga ya Eglin jimboni Florida, walilalamika kuwa milango yao imeacha kuitika. Jeshi lilikuwa limeanza kutumia redio mpya katika masafa ya kati ya MHz 380 na 399.9, na milango mingi ya nchi hiyo hutumia MHz 390. Raia hawakuwa na la kudai, kwani sheria inavitaka vifaa vidogo visivyo na leseni kuvumilia muingiliano kutoka kwa mwenye haki ya masafa. Tangu hapo watengenezaji wametoa vifaa vinavyotumia masafa mengine, vikiwamo vinavyohama kutoka masafa moja hadi mengine.

Kibao kinapobaki kuwa mshukiwa pekee, anza na betri. Vibao vingi hutumia moja ya volti 9. Vingine vina betri za aina nyingine, ambazo huoneshwa chini ya kifuniko. Taa ya nyuma ya vitufe ikififia au kutowaka, betri imechoka. Isichukuliwe, hata hivyo, kuwa taa inayowaka ni uthibitisho wa uzima: betri ya kawaida hupungukiwa nguvu kwenye baridi kali, hivyo inaweza kuwasha taa na bado ikashindwa kurusha ishara. Ndiyo sababu kibao kinaweza kugoma alfajiri na kufanya kazi adhuhuri. Betri ya lithiamu huhimili baridi vizuri zaidi.

Wakati wa kubadili betri tazama vishikizo vyake. Ukungu mweupe au wa kijani ni kutu itokanayo na unyevu. Ikwanguliwe na kufutwa kwa pamba yenye spiriti. Kitufe kinachonata au kisichorudi juu kikibonyezwa nacho hukatiza namba, na mota haitambui namba tatu kati ya nne.

Betri ikiwa nzima na vitufe vikiwa safi, huenda mota imesahau kibao. Kufundisha upya huanza kwenye mota yenyewe. Kwa chapa za Chamberlain na LiftMaster, ambazo mtengenezaji wake ni mmoja, kuna kitufe kilichoandikwa “Learn”. Hubonyezwa mara moja na kuachiliwa. Taa yake huwaka kwa sekunde 30, na ndani ya muda huo mtu huingiza namba nne kwenye kibao na kushikilia kitufe cha kuthibitisha hadi taa ya mota ipepese au mlio wa “tiki” mbili usikike.

Hapa pana mtego. Kitufe hicho hicho kikishikiliwa kwa takriban sekunde sita, mota hufuta kumbukumbu yote, na rimoti za kila gari la nyumba hiyo hufutika pia. Kwa anayetengeneza kibao kimoja ni hasara. Kwa aliyehamia katika nyumba iliyokuwa na wenyewe wengine ni jambo la lazima, kwani hajui ni nani mwingine anayebeba rimoti.

Rangi ya kitufe hicho hueleza umri wa mota. Zambarau ilianza kutumika mwaka 2005 na njano mwaka 2011. Ni vyema kuitazama kabla ya kununua kibao, kwa maana si kila kibao kinaelewana na mota ya kizazi kingine.

Lipo lalamiko jingine linalofanana na hili ilhali si lenyewe: kibao kinafungua mlango lakini hakifungi. Hapo vitufe havina kosa. Karibu na sakafu, si zaidi ya sentimita 15 kutoka chini, kuna macho mawili ya usalama yanayotazamana. Boksi, utando wa buibui au jicho lililogongwa likapinda hutosha kuizuia mota kufunga mlango. Vifo vya watoto waliobanwa na milango hiyo ndivyo vilivyolifanya Bunge la Marekani mwaka 1990 kuagiza kinga, na mota zilizotengenezwa kuanzia Januari 1, 1993 hulazimika kuwa nayo. Fundi anayeyafunga macho hayo pamoja juu ya dari ili mlango “usisumbue” anaiondoa kinga hiyo, na hapaswi kulipwa kwa kazi hiyo.

Ukimya wa kibao uwe pia nafasi ya kuchunguza usalama wake. Vitufe vinne vikiwa vimechakaa kuliko vingine, mwizi hahitaji kujaribu namba 10,000; mpangilio wa tarakimu nne anazoziona ni 24 tu. Mota za kizamani zenye msimbo usiobadilika, unaopangwa kwa safu ya swichi ndogo, ni dhaifu zaidi. Mwaka 2015 mtafiti wa Marekani, Samy Kamkar, alionesha jinsi alivyotumia kifaa cha watoto cha kutumiana ujumbe kufungua milango ya aina hiyo kwa sekunde zisizofika 10. Mota ya namna hiyo haifai kununuliwa kibao kipya, ibadilishwe.

Umeme ukikatika, ndani kuna kamba yenye mshikio mwekundu inayotenganisha mlango na mota ili uinuliwe kwa mkono. Katika mioto ya nyika ya California ya mwaka 2017 wapo walioshindwa kutoa magari baada ya umeme kukatika, na kuanzia Julai 1, 2019 jimbo hilo linataka kila mota mpya ya mlango wa nyumba iwe na betri ya akiba. Kamba ivutwe mlango ukiwa umefungwa. Ukiwa juu na springi imekatika, mlango mzima unaweza kuanguka kwa aliye chini yake. Springi zenyewe zimekazwa kwa nguvu ya kubeba uzito wa mlango. Kuzilegeza ni kazi ya fundi mwenye vifaa vyake.

Kwa anayefikiria kurudi Afrika Mashariki na mota aliyoinunua Marekani, aelewe kuwa imetengenezwa kwa umeme wa volti 120, wakati wa Tanzania ni 230 na wa Kenya 240. Mageti ya huku aghalabu hutumia masafa ya karibu MHz 433, hivyo rimoti na kibao atakavyovikuta kwa fundi wa mtaani havitaelewana na mota yake.