Albamu Adimu: Dar es Salaam, Lusaka, Detroit na Arua

Katika albamu zote za roki zilizozaliwa Afrika Mashariki, hakuna ninayoipenda kuliko Ave Africa ya Sunburst. Bendi hii iliundwa Dar es Salaam mwaka 1970, na albamu yenyewe ikatoka 1976. Ndani yake gitaa la umeme linanguruma juu ya midundo ya ngoma za nyumbani, na Kiswahili kinapokezana na Kiingereza bila kuombana radhi. Kwa muda mrefu santuri yake ilikuwa ya kusimuliwa zaidi kuliko ya kusikilizwa, mpaka lebo ya Strut ya Uingereza ilipoitoa upya mwaka 2016 pamoja na nyimbo walizorekodi tangu 1973. Sisi wapenzi wa roki tunaoishi mbali na miji mikuu, huku Arua na Koboko, West Nile ya Uganda, hapo ndipo tulipoipata. Lakini uadimu wa albamu hauna sababu moja. Kila nchi ina njia yake ya kupoteza muziki, na ina njia yake ya kuuokoa.

Tuanze Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaka utamaduni wa taifa usimame kwa miguu yake. Mwishoni mwa 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Bendi za dansi zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania, na kanda zikabaki maktaba ya redio. Aliyetaka santuri ilimbidi atazame Nairobi, kwenye kampuni na viwanda vya kuichapa. Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na njia hiyo ikawa ngumu zaidi. Kwa hiyo muziki wa Tanzania wa miaka hiyo ulisikika kila nyumba yenye redio, lakini ni watu wachache waliokuwa nao mkononi.

Zambia ilianzia kwenye hamu ileile ikafika kwingine. Rais Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia, na vijana waliolelewa na Jimi Hendrix na Rolling Stones wakajaza nafasi hiyo kwa magitaa yenye mkwaruzo. WITCH walitoa Introduction mwaka 1972 na Lazy Bones!! mwaka 1975. Amanaz walitoa Africa mwaka huohuo wa 1975, na Ngozi Family wakatoa 45,000 Volts mwaka 1977. Tanzania iliuhifadhi muziki wake kwenye kanda bila kuutia sana kwenye santuri. Zambia iliutia kwenye santuri, kisha ikakosa nguvu ya kuutunza. Bei ya shaba iliporomoka katikati ya miaka ya 1970, mifuko ya mashabiki ikakauka, na baadaye UKIMWI ukawachukua wanamuziki wengi. Emanuel Chanda, mwimbaji wa WITCH, aliishi miaka mingi akichimba vito kabla dunia haijamtafuta tena. Mwaka 2023 bendi yake ilitoa albamu mpya, Zango.

Kinshasa ilifuata njia ya tatu. Zaiko Langa Langa, walioanza Desemba 1969, walikuwa na ari ya vijana wa roki, lakini hawakuiazima roki yenyewe. Waliziacha tarumbeta, wakaliacha gitaa litawale na ngoma ipige kwa kasi, na bado ikabaki rumba. Muziki huo haukuwahi kuwa adimu kwetu. Kutoka ng'ambo ya mpaka, kupitia Aru na Ariwara, uliingia West Nile pamoja na wafanyabiashara, na Lingala ikaimbwa hata na wasioielewa. Dar es Salaam, Lusaka na Kinshasa zote zilitaka sauti ya kwao. Zilitofautiana katika viwanda, masoko na mipaka kuliko katika vipaji.

Wala tusidhani kwamba utajiri unazuia upotevu. Sixto Rodriguez wa Detroit alitoa Cold Fact mwaka 1970 katika nchi yenye viwanda vingi vya santuri kuliko alivyohitaji, na Marekani ikampita bila kumtazama. Afrika Kusini ndiyo iliyompokea. Huko watu walinakiliana kanda zake na kuzikariri, yeye mwenyewe asijue, hadi alipokwenda kuwaimbia mwaka 1998. Zambia ilipoteza albamu kwa umaskini, Marekani ikapoteza yake kwa wingi wa bidhaa. Na aliyeiokoa ya Marekani ni msikilizaji wa mbali mwenye kanda ya kunakili.

Hapo ndipo wapenzi wa aina mbili wanapokutana. Mkusanyaji wa London au Tokyo anatafuta toleo la kwanza, jalada lisilochanika, lebo ya rangi sahihi. Kwake santuri ni ushahidi, na bila uangalifu wake lebo kama Now-Again isingepata nakala za kutolea upya nyimbo za Zambia. Kijana wa Arua anayepeleka kadi ya kumbukumbu ya simu kibandani akajaziwa nyimbo hajali jalada. Anachotaka ni wimbo wenyewe, na akishaupata anamgawia jirani. Mmoja hutunza kwa kuzuia, mwingine hutunza kwa kutawanya. Santuri iliyotunzwa na mmoja bila kusikilizwa ni bubu, na wimbo uliotawanywa bila jina la mpigaji wala mwaka huwa yatima. Kila mmoja ana upungufu ambao mwenzake anaufidia.

Na West Nile yenyewe? Mwaka 1972 wafanyabiashara wenye asili ya Asia walifukuzwa Uganda, na biashara nyingi za mijini zikaondoka nao. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, watu wa huku walikimbilia Sudan na Zaire wakiwa na walichoweza kubeba. Kwa hiyo hatuna rafu za santuri za zamani za kupekua. Tuna adungu, ala ya nyuzi inayochongwa kwa ukubwa mbalimbali na kupigwa kwa pamoja kama bendi. Tuna tarumbeta za agwara za Waalur. Tuna kinubi cha Wamadi, ambacho mwaka 2016 UNESCO ilikiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Klaus Wachsmann alizunguka Uganda akirekodi miaka ya 1949 hadi 1954. Kanda zake ziko British Library, na nakala za kidijitali zimerudishwa Makerere.

Albamu adimu kuliko zote, basi, ni ile ambayo haijarekodiwa. Sunburst waliokolewa kwa sababu nakala chache zilibaki, WITCH kwa sababu mwimbaji alibaki, Rodriguez kwa sababu wasikilizaji walibaki. West Nile bado ina wapigaji na wasikilizaji. Inachokosa ni nakala. Wewe mwenye simu yenye kinasa sauti, mrekodi mzee wa adungu wa mtaani kwako kwa idhini yake, andika jina lake, kijiji na mwaka, kisha mpe yeye nakala ya kwanza.