Soko Huria la Kahawa na Umaskini wa Kaya nchini Uganda, 1989–2003

Mjadala kuhusu soko huria na umaskini mara nyingi huendeshwa kana kwamba kaya zote huingia sokoni kwa mlango mmoja. Historia ya kahawa nchini Uganda yaonyesha vinginevyo.

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, Bodi ya Masoko ya Kahawa ilihodhi uuzaji wa kahawa nje. Bei ya mkulima ilipangwa na serikali, malipo yalichelewa, na kiwango rasmi cha kubadilisha shilingi kilimpunja zaidi. Mfumo wa mgao wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulipovunjika Julai 1989, bei ya dunia iliporomoka na utaratibu huo ukashindwa kujiendesha. Serikali ikahalalisha maduka ya fedha za kigeni mwaka 1990, ikaondoa ukiritimba wa Bodi mwaka 1991, na mwaka uliofuata ikafuta kodi ya kahawa iuzwayo nje.

Jalidi ilipoharibu mibuni ya Brazili mwaka 1994, bei ya dunia ilipanda, na safari hii sehemu kubwa zaidi ya bei hiyo ilimfikia mkulima mdogo. Kwa takwimu za kitaifa, walioishi chini ya mstari wa umaskini walipungua kutoka takriban asilimia 56 mwaka 1992 hadi 34 mwaka 2000.

Hata hivyo, wastani huo ulificha mgawanyiko. Katika Kanda ya Kati, yenye mibuni na barabara za kufika Kampala, maskini walibaki takriban asilimia 20. Kaskazini, kulikokuwa na vita na kahawa haba, walizidi 60. Aidha, bei ya dunia iliposhuka tena na ugonjwa wa mnyauko kuangamiza mibuni ya robusta, umaskini ulirudi hadi asilimia 38 mwaka 2003, huku kipimo cha Gini kikiwa kimepanda kutoka takriban 0.36 hadi 0.43 katika muda wa mwongo mmoja.

Kwa hiyo, soko huria lilimwondolea mkulima mzigo wa ukiritimba, lakini halikumpa mbuni asiyekuwa nao, wala amani, wala kinga dhidi ya bei. Sera inayofungua soko bila kushughulikia hayo matatu hupunguza umaskini kwa wenye cha kuuza, na huliacha pengo likipanuka nyuma yao.