Habari za Baridi Yabisi: Maumivu ya Wazee wa Masasi na Newala

Wazee wa Kimakonde husimulia kwamba hapo kale palikuwa na mtu akiishi peke yake porini. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na asubuhi akaikuta imekuwa mwanamke, akamwoa. Mwanamke akazaa karibu na mto, mtoto akafa. Wakapanda juu kidogo, akazaa tena, na huyo naye akafa. Wakapanda hata uwanda wa juu, na mtoto wa tatu akaishi. Hadithi hii iliandikwa na Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, na maana yake i wazi: bondeni mna homa, juu mna uzima.

Walakini uzima huo ulikuwa na bei. Mchanga wa uwanda ule hunywa mvua yote, wala hapana mto. Chemchemi hutoka chini, kwenye miguu ya mteremko. Hivyo wanawake wa Newala walishuka kuteka maji, kisha wakapanda na mitungi vichwani, tangu usichana hata uzee. Mradi wa maji ya Makonde ulianza katika miaka ya 1950, na mabomba yamepunguza safari hiyo. Lakini bibi wengi walio hai leo waliipanda katika ujana wao. Tukitaka kujua kwa nini magoti yao yanauma, na tuanze hapo, tukiongeza jembe la mkono na kuinama kuokota korosho.

Yafaa kuyatazama maneno. Maumivu haya twayaita baridi yabisi. “Yabisi” ni Kiarabu, maana yake kavu, na jina lote latokana na elimu ya kale ya Wayunani na Waarabu, waliosema mwili una joto na baridi, unyevu na ukavu, na ugonjwa ni kupotoka kwa mizani hiyo. Mganga wa leo hasemi hivyo. Asema kwamba katika magoti ya wazee wengi gegedu, yaani kile kitu laini kinachofunika ncha za mifupa, limelika, na misuli ya paja imelegea. Hata hivyo jina la kale si upuuzi, maana wazee wengi hulalamika zaidi wakati wa kipupwe.

Tena Kiswahili chajua kupambanua maumivu kuliko tudhanivyo. Kiungo huuma, kichwa huwanga, ubavu huchoma, mguu hufa ganzi. Mzee asemaye “nyayo zaniwaka moto, kisha zafa ganzi” hasemi habari za goti. Huenda mishipa ya fahamu ina ugonjwa, pengine kwa kisukari, pengine kwa ukoma. Mwalimu amsindikizaye mzee zahanati na amwambie mganga maneno yale yale ya mzee, asiyafupishe kuwa “anaumwa miguu”.

Sasa tuje kwenye jambo linalotusumbua zaidi, nalo ni sindano. Masasi, mahali ambapo Askofu Edward Steere aliwaweka watumwa waliokombolewa mwaka 1876, palipata baadaye zahanati za misheni, na katika miaka ya 1920 watu walimiminika huko kwa ajili ya buba. Buba haikuleta vidonda tu. Iliingia katika mifupa ya miguu na kuuma usiku. Sindano zilizotumika siku hizo ziliponya vidonda upesi ajabu, na baadaye penisilini ikashinda zote, kwani sindano moja yatosha. Watu waliona kwa macho yao, wakaamini; nani angewalaumu? Lakini imani hiyo imerithiwa na wajukuu, ikahamishiwa ugonjwa mwingine. Sindano ya diklofena hutuliza goti kwa muda, haiponyi. Dawa za jamii hiyo, za sindano au za vidonge, zikitumiwa siku nyingi huweza kutoboa tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu, na hatari huzidi kwa wazee. Mzee anunuaye dukani kila juma bila kuulizwa hali ya tumbo wala mkojo yumo hatarini.

Dawa za kienyeji hatuzidharau. Kukanda kwa maji ya moto na kusugua mafuta hufariji kweli. Chuku na chale ni habari nyingine: wembe mmoja kwa watu wawili huweza kupitisha UKIMWI na homa ya ini.

Maumivu yapitayo miezi 3 waganga huyaita ya kudumu, na Shirika la Afya Duniani limeyapa nafasi yake katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Kwa goti la mzee, shauri la kwanza ni mwendo wa kila siku na kuikaza misuli ya paja: akae kitini, anyooshe mguu, auzuie, aushushe polepole. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande usiouma. Wengi huishika kinyume. Lakini maumivu yakija pamoja na homa, au kukonda, au miguu kulegea ghafula, au mkojo kutozuilika, apelekwe hospitali siku ile ile.

Nasi tuna kosa la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita tulimwonya bibi mmoja mbele ya watu kwa kuwa alikaa wakati wote walipopiga magoti. Akajibu kwa upole, “Mwalimu, nikipiga magoti, nani ataniinua?” Tulinyamaza. Kesho yake tulikwenda kwake, tukaambiwa kwamba halali usiku, na kwamba amemaliza fedha za korosho katika sindano. Tukampeleka kwa mganga, naye akamkataza sindano, akampa parasetamoli kwa kipimo na kumfundisha zoezi la kiti. Wajukuu wakatwaa kazi ya maji. Baada ya miezi miwili tulimwuliza hali. Akasema goti lingali linauma, ila sasa analala, na amekwenda mwenyewe shambani kutazama mihogo.